Kusoma kwa Ajili ya Kujua: Swali la Jamii na Mapokeo ya Kanisa

Kijana wa Ramadhani au wa Makambako anayeonekana na kitabu kisichomo katika mtihani wake huulizwa mara nyingi: "Kitakusaidia nini?" Swali hilo si la dharau daima. Mzazi aliyeuza viazi, parachichi au miti ya mbao ili mwanawe asome anayo haki ya kutazamia matunda; maana hata baada ya ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kuondolewa katika shule za umma mwaka 2016, sare, madaftari na nauli havikuondolewa.

Hata hivyo, ndani ya swali hilo mna fikra nyingine: kwamba elimu ni cheti, cheti ni ajira, na kisichoelekea huko ni uvivu uliovikwa heshima. Ndiyo maana neno "msomi" hutamkwa pia kwa kejeli, hasa pale mwenye shahada anaporudi kijijini bila kazi. Sisi twaona kwamba kejeli hiyo humwumiza asiyestahili, kwani kukosa ajira si ushahidi kwamba alichojifunza ni bure.

Jimbo letu, lililoundwa mwaka 1968 kutoka eneo la Abasia ya Peramiho, lilipokea Injili kwa mikono ya Wabenediktini, nao ni watu wa jembe na kitabu. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 48, inagawa siku kati ya kazi za mikono na kusoma. Wakati wa Kwaresima kila mmonaki hupewa kitabu chake, akisome mfululizo hadi mwisho, na wazee huzunguka kuangalia kama yupo anayepoteza saa hizo kwa maongezi. Hakuna mtihani wala cheti mwishoni mwake. Wenye kudhani kwamba kusoma ni kukwepa jembe wangeshangaa kuona vyote viwili katika sura moja.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaihesabu bidii ya kujifunza kuwa fadhila, chini ya fadhila ya kiasi, lakini anaonya pia: tamaa ya kujua yaweza kuwa dhambi pale mtu anapotafuta elimu ili ajivune, au anapoacha wajibu wake kwa ajili ya mambo yasiyomhusu. Baba anayesoma huku watoto wakilala njaa hatetewi na Thoma. Naye Mtakatifu John Henry Newman, katika mihadhara yake ya Dublin ya mwaka 1852, alifundisha kwamba ujuzi ni mwema wenyewe, hata pasipo faida ya nje. Papo hapo akakiri kwamba ujuzi peke yake haumfanyi mtu kuwa mtakatifu.

Hapa Tanzania, mfano ulio wazi zaidi ni Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, na mfano wake una ugumu wake. Katika "Elimu ya Kujitegemea" ya Machi 1967 aliikosoa elimu inayowatenga vijana na wakulima, akataka shule ziwe na mashamba. Wako wanaolitumia andiko hilo kana kwamba liliruhusu yale tu yanayozalisha mazao. Lakini mwandishi huyohuyo, akiwa na mzigo wa Urais, alikuwa akimfasiri Shakespeare: Julius Caesar ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hakuna gunia la mahindi lililoongezeka kwa kazi hiyo. Kilichoongezeka ni ushahidi kwamba Kiswahili chaweza kubeba fikra nzito.

Baada ya kung'atuka aliendelea. Akiwa mzee asiye na cheo cha kutafuta, aliziweka Injili katika tenzi, nazo zilichapwa mwaka 1996 na wachapaji wa Kibenediktini wa Ndanda-Peramiho.