Bondia Aliyeshindwa

Mwezi wa Julai, mwaka 2021, nilikuwa nimeketi kwa kinyozi mmoja huko Kondele, Kisumu, habari ilipofika ya kuwa Elly Ajowi, bondia wa Kenya wa uzito wa juu, ameshindwa kwa pointi katika Michezo ya Olimpiki huko Tokyo. Kijana mmoja akasema, "Huyo amekwisha." Mzee aliyekuwa akinyolewa akauliza, bila kugeuza kichwa, "Amepigwa na nani?" Kijana hakujua. Aliyempiga alikuwa Julio César La Cruz wa Cuba, ambaye siku chache baadaye alivikwa medali ya dhahabu. Tena huyo La Cruz mwenyewe alikuwa ameshindwa katika robo fainali huko London mwaka 2012, kabla ya kupata dhahabu Rio mwaka 2016.

Swali la mzee yule ndilo limpasalo kuanza nalo mtu atakaye kupima mambo yajayo ya bondia aliyeanguka. Hata katika mwereka wa Wajaluo, uitwao olengo, kuangushwa na jabali si sawa na kuangushwa na mtu dhaifu. Lakini jina la mshindi peke yake halitoshi. Yafaa kuuliza pia kosa lilikuwa lipi, na kama kosa hilo lafundishika.

Joe Louis, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama, alikuwa na umri wa miaka 22, wala hajapata kushindwa katika ndondi za kulipwa, alipokutana na Max Schmeling wa Ujerumani jijini New York tarehe 19 Juni 1936. Schmeling alikuwa amekwisha kuzitazama picha za sinema za mapigano ya Louis, akaona jambo ambalo wengine hawakulijali: Louis akishapiga kwa mkono wa kushoto, huushusha kabla ya kuurudisha kuulinda uso. Katika nafasi ile ndogo Schmeling akapenyeza ngumi ya kulia, tena na tena, hata katika raundi ya 12 Louis akalala chini asiweze kuinuka. Wengi waliandika kwamba mambo yake yamekwisha. Kumbe mkono unaoshuka ni kosa la kurekebishwa kwa mazoezi, kama vile mwanafunzi arekebishwavyo mwandiko. Mwaka uliofuata Louis alimpiga James Braddock akawa bingwa wa dunia, na tarehe 22 Juni 1938 akamwangusha Schmeling katika raundi ya kwanza, kwa muda wa dakika mbili na sekunde nne. Ubingwa huo alikaa nao mpaka mwaka 1949.

Floyd Patterson alionyesha pande zote mbili za jambo hili. Mwaka 1959 Ingemar Johansson wa Sweden alimwangusha mara saba katika raundi moja; mwaka 1960 Patterson akalipiza, akawa mtu wa kwanza kuurudisha ubingwa wa uzito wa juu baada ya kuupoteza. Lakini mwaka 1962 Sonny Liston alimmaliza katika raundi ya kwanza, na waliporudiana mwaka 1963 ikawa vivyo hivyo. Hapo hapakuwa na mkono wa kurekebisha. Liston alikuwa na nguvu zaidi na mikono mirefu zaidi, basi.

Umri nao hudanganya watabiri. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa karibu saa kumi alfajiri, ili Wamarekani wapate kutazama jioni kwao. Saa hiyo kwetu Kisumu jua lilikuwa karibu kuchomoza juu ya vilima vya Nandi. Foreman alikuwa na miaka 25, na mapigano 40 bila kushindwa. Ali aliegemea kamba akamwacha apige mpaka achoke, kisha katika raundi ya 8 akamwangusha. Mtu ambaye asubuhi ile angetabiri ya kwamba Foreman atakuwa bingwa tena baada ya miaka 20 angechekwa sokoni. Naye alikuwa bingwa, tarehe 5 Novemba 1994, kwa kumwangusha Michael Moorer katika raundi ya 10, akiwa na umri wa miaka 45. Mambo kama hayo hutokea zaidi kwa mabondia wazito, kwa kuwa wepesi wa miguu hupotea mapema bali nguvu ya ngumi hudumu. Bondia mwembamba aliyepoteza wepesi wake hana akiba.

Na mabondia wetu mashuhuri wamekuwa wembamba. Philip Waruinge wa Nakuru, mji ulio kwenye reli ile ile iliyofika Kisumu mwaka 1901, alishindwa katika nusu fainali ya Olimpiki huko Mexico mwaka 1968, akapata shaba. Hata hivyo alipewa kikombe cha Val Barker, alichokuwa akipewa bondia aliyewazidi wote kwa ufundi. Ajabu kubwa: aliyeshindwa ametukuzwa kuliko waliopata dhahabu!

Stephen Muchoki, wa kilo 48, alikuwa na shida ya namna nyingine. Mwaka 1974 alishindwa na Jorge Hernández wa Cuba katika fainali ya ubingwa wa dunia huko Havana. Muchoki alikuwa kijana, na kosa lake lilifundishika. Lakini mwaka 1976 Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini. Hernández akachukua dhahabu. Muchoki alikuwa nyumbani. Mwaka 1978 akawa bingwa wa dunia huko Belgrade, na mwaka 1980 Kenya ikasusia tena. Alipopigania ubingwa wa kulipwa mwaka 1982, Santos Laciar wa Argentina alimshinda katika raundi ya 13. Nani angeliyapima haya yote kwa kumtazama ulingoni tu?

Robert Wangila alipata dhahabu huko Seoul mwaka 1988, Mkenya wa kwanza kuipata katika ndondi. Akaingia ndondi za kulipwa Marekani, akashinda, akashindwa, akaendelea. Mwezi wa Julai 1994, huko Las Vegas, mwamuzi alisimamisha pigano lake na David Gonzalez katika raundi ya 9. Wangila alilalamika, akisema bado anaweza. Alipofika chumba cha kubadilishia nguo akaanguka. Alifariki tarehe 24, akiwa na umri wa miaka 26.