Mgambo ya Kabuku na misimu yake minne Mkwakwani

Mtu wa Nguvumali ukimuuliza timu za Tanga, mbili zitamtoka mdomoni kabla hujamaliza swali: Coastal Union ya Barabara ya 11 na African Sports ya Barabara ya 12. Wagosi wa Kaya na Wana Kimanumanu. Hizo watu wamezirithi kwa baba na babu, na ubingwa wa Coastal wa mwaka 1988 bado unasimuliwa vibarazani. Ya tatu haitajwi sana. Mgambo JKT haikuwa na barabara yake mjini, wala wazee wa klabu wa kuigombea, lakini kwa misimu minne ilifanya kazi ambayo Tanga inapaswa kuikumbuka.

Ilikuwa timu ya kambi. Nyumbani kwake ni kikosi cha 835 KJ cha Jeshi la Kujenga Taifa, Kabuku, wilayani Handeni, kwenye barabara kuu ya kwenda Chalinze. Ilipanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2012/13 pamoja na Tanzania Prisons na Polisi Morogoro, zote tatu timu za vyombo vya dola. Hilo lina sababu. Zamani mashirika ya umma ndiyo yaliyobeba timu za mikoani. Yalipodhoofika, Reli ya Morogoro na Pamba ya Mwanza zilififia nayo. Jeshini mchezaji alibaki na uhakika wa chakula, malazi na pengine ajira, mambo ambayo klabu nyingi za uraiani hazikuweza kuahidi.

Mechi za nyumbani Mgambo ilizichezea Mkwakwani, mjini Tanga. Kwa hiyo vijana wa Kabuku walisafiri kupitia Segera, Hale na Muheza ili wawe wenyeji, na Simba au Yanga ikija, sehemu kubwa ya jukwaa ilikuwa ya mgeni. Tanga ina mashabiki wengi wa timu hizo mbili. Mwenyeji alishangiliwa na wachache.

Msimu wa 2013/14 ndio uliowapa jina. Februari 2014 waliifunga Simba 1-0. Mwezi uliofuata ikaja Yanga, bingwa mtetezi iliyokuwa ikiifukuza Azam kileleni, nayo ikalala 2-1. Azam ilimaliza ligi bila kupoteza mchezo na ikatwaa ubingwa wake wa kwanza. Nguvu za Azam hazina ubishi, lakini pointi zile tatu zilizobaki Mkwakwani ziliikata Yanga kasi wakati ilipozihitaji zaidi. Machi 2015 Simba ilirudi Tanga ikafungwa tena, safari hii 2-0.

Timu inayoonekana hivyo haikai na wachezaji wake. Mshambuliaji Malimi Busungu alichukuliwa na Yanga mwaka 2015, na Septemba hiyohiyo akaifunga Simba katika ushindi wa 2-0.

Msimu huo wa 2015/16 African Sports nayo ilikuwa imepanda, na mkoa mmoja ukawa na timu tatu kati ya 16 za Ligi Kuu. Furaha hiyo haikudumu mwaka. Msimu ulipokwisha, timu tatu zilizoshuka daraja zilikuwa Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT. Zote za Tanga. Mji uliowahi kutoa bingwa wa nchi ukabaki bila timu hata moja katika ligi ya juu.

Coastal ilirejea msimu wa 2018/19, na mwaka 2024 ikamaliza ya nne na kupata nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mgambo haikurudi Ligi Kuu. Kocha wake wa siku zile, Bakari Shime, alihamia soka la wanawake. Mwaka 2022 aliiongoza Serengeti Girls katika Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali.