Asali ya Milima ya Alps na Mkulima Aliyeitwa Vienna

Ndugu wakulima, leo twende mbali kidogo, hadi Slovenia, chini ya milima ya Alps. Huko majira ya baridi ni marefu na theluji hufunika mabonde. Nyuki hawatoki, hubaki wamejikusanya ndani ya mzinga wakila akiba yao. Kwa hiyo mfuga nyuki wa huko hana mwaka mzima wa kazi kama sisi. Maua yakichanua, ni mbio.

Mwaka 1734, katika kijiji cha Breznica, alizaliwa Anton Janša. Kwao kulikuwa na mizinga zaidi ya mia moja, na majirani walikutana hapo kuzungumza habari za nyuki. Kijana huyu alikwenda Vienna kujifunza uchoraji. Lakini kumbe kilichompa jina ni kazi ya nyumbani! Mwaka 1770 Malkia Maria Theresa alimfanya mwalimu wa ufugaji wa nyuki, naye akafundisha hapo Vienna.

Alifundisha nini? Wengi waliamini nyuki dume kazi yao ni kuchota maji. Janša akasema hapana, dume humpanda malkia, tena huko nje angani. Mizinga yake ilikuwa masanduku ya mbao, mafupi kwenda juu, yanayopangwa moja juu ya jingine. Hebu fikiri faida yake: masanduku hayo hupakiwa kwenye mkokoteni, yakafuata maua.

Na maua yalikuwa na safari yake. Baada ya kuvuna nafaka ya kwanza, wakulima wa tambarare walipanda zao liitwalo ajda, lenye punje nyeusi za pembe tatu. Lilichanua mwishoni mwa kiangazi, wakati malisho mengine yamekwisha. Huko msituni nako, vidukari hunyonya utomvu wa miti ya jamii ya misonobari na kudondosha maji matamu. Nyuki huyakusanya, ikatoka asali nyeusi nzito.

Sasa hapo ndipo pana ugomvi. Mizinga ni yako, shamba ni la mwingine. Maua ni ya nani? Mwenye shamba angeweza kudai malipo, na mnyonge mwenye mizinga mitano angelala njaa. Janša alifariki mwaka 1773, akiwa na miaka 39 tu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1775, kitabu chake kikachapishwa, na mwaka huohuo Malkia akatoa amri kwamba ufugaji wa nyuki usitozwe kodi. Walimu wengine nao waliagizwa kufuata mafundisho yake.

Mbao za mbele za mizinga hiyo zilipakwa rangi kwa picha za watakatifu, na nyingine za mzaha mtupu. Ya zamani kabisa inayojulikana ni ya mwaka 1758.

Mwezi Desemba 2017, kwa ombi la Slovenia, Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani. Ndiyo tarehe aliyobatizwa Janša.