Tangi la Samaki la Nyumbani: Kutengeneza au Kubadilisha Lililoharibika

Tangi la samaki la nyumbani, ambalo katika baadhi ya vitabu huitwa akwariamu, ni chombo cha kioo au cha plastiki angavu kinachotiwa maji ili samaki wafugwe ndani yake na kutazamwa kutoka nje. Tangi la kawaida huwa na vioo vitano, kimoja cha chini na vinne vya ubavuni, vilivyounganishwa kwa silikoni, yaani gundi inayokauka ikawa kama mpira, ikashika kioo na kustahimili maji kwa miaka mingi. Linapovuja au kupata ufa, mwenyewe hulazimika kuamua ama alitengeneze ama atafute jingine, na katika kisiwa cha Unguja, hasa ndani ya Mji Mkongwe, uamuzi huo haupimwi kwa bei ya tangi peke yake, kwa sababu nyumba nayo imo katika hesabu.

Jambo la kwanza kuelewa ni kanieneo, yaani msukumo wa maji juu ya kila sehemu ya kioo, ambayo huongezeka kadiri maji yanavyokuwa na kina na wala haitegemei wingi wake. Tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana wa sentimita 40 na kina cha maji cha sentimita 50 huchukua lita 200, na kioo chake cha mbele husukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 125 hivi, mchana na usiku. Kina kikipunguzwa hadi sentimita 25, nguvu hiyo haishuki kwa nusu, bali hubaki robo tu, karibu kilo 31. Hesabu hii ndogo ndiyo inayoamua mengi katika yanayofuata.

Kilichoharibika chaweza kuwa kiungo au kioo chenyewe, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo kiini cha uamuzi. Kiungo kinachovuja hujulikana kwa mstari mweupe unaojijenga nje ya pembe ya tangi: kwa maji ya bahari mstari huo ni chumvi, na kwa maji ya visima vya Unguja, yanayopita katika mawe ya matumbawe na kubeba chokaa, ni ukoko mgumu unaotoka kwa siki. Tangi la namna hii, vioo vyake vikiwa vizima, linafaa kutengenezwa, na kulitupa ni hasara isiyo na sababu.

Hata hivyo kazi hiyo haifanywi kwa kupaka silikoni mpya juu ya ya zamani, kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote, kwani silikoni mbichi haishiki vizuri silikoni iliyokwisha kukauka, na tangi huvuja tena pale pale baada ya muda mfupi. Silikoni ya ndani hukatwa yote kwa wembe, pembe zote kwa pamoja na si ile inayovuja peke yake, kisha kioo hupanguswa kwa spiriti hadi kidole kikipita kisikie ukavu bila utelezi. Ikiwa silikoni iliyo katikati ya kioo na kioo, ambayo ndiyo inayobeba mzigo, imeingiwa na mapovu au imeanza kubanduka, kupaka pembe za ndani hakutoshi, bali tangi hufumuliwa na kuunganishwa upya. Silikoni inayofaa ni ile isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni huwa na dawa inayoweza kuua samaki. Hukauka kwa unyevu wa hewa kutoka nje kuelekea ndani, milimita 2 au 3 kwa siku, hivyo kuiacha wiki nzima si uvivu wa fundi. Baada ya hapo tangi hujazwa maji matupu uani, juu ya meza iliyosawazishwa kwa pima maji, likaangaliwa kwa siku kadhaa kabla ya kurudishwa chumbani.

Kioo kilichopasuka ni habari nyingine. Ufa haukai mahali pamoja, kwa kuwa ncha yake hukusanya mkazo wote wa kioo na kusonga mbele kidogo kidogo, au ghafla, maji yanapotiwa. Kuupaka silikoni kwa juu huzuia unyevu bila kurudisha nguvu iliyopotea. Ufa wa kioo cha chini, tangi likiwa limelala sawasawa juu ya ubao, unaweza kufunikwa kwa kiraka cha kioo kinachoupita kwa sentimita kadhaa kila upande. Ufa wa kioo cha mbele au cha nyuma unadai kioo kipya, nacho hukatwa na mafundi wa vioo na aluminiamu waliozoea madirisha, ambao ni lazima waelezwe unene unaotakiwa, kwani kioo cha dirisha cha milimita 4 au 5 hakiwezi kubeba tangi lililotajwa hapo juu, ambalo huhitaji karibu milimita 10. Vioo viwili vikiwa vimepasuka, gharama ya kuvikata na kufumua viungo vyote hukaribia ya tangi jipya, na hapo kubadilisha ndiko busara.

Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na sakafu za ghorofani hulala juu ya boriti za mikoko. Tangi la lita 200, pamoja na vioo, changarawe na meza yake, hupita kilo 250 juu ya eneo dogo, na kwa hiyo huwekwa karibu na ukuta, likikingama boriti kadhaa badala ya kulala juu ya moja. Uvujaji ambao katika nyumba ya zege ungepanguswa kwa kitambaa, hapa hupenya sakafuni, ukalowesha vichwa vya boriti vilivyomo ukutani mahali pasipoonekana, na kukaribisha uozo na mchwa. Maji ya bahari ni mabaya zaidi, kwa kuwa chumvi huingia ndani ya chokaa na kila inapokauka hufanya fuwele zinazobomoa lipu. Kwa hiyo tangi lenye historia ya kuvuja halistahili kurudishwa ghorofani likiwa limejaa, hata kama limetengenezwa na fundi hodari. Mahali pake ni chini.

Wakati kazi ikiendelea samaki huhamishiwa katika diaba au ndoo safi zisizowahi kutiwa sabuni, na sponji ya chujio huhamishwa pamoja nao ikiwa mbichi, kwa sababu ndani yake mna bakteria wanaoigeuza amonia, sumu itokanayo na kinyesi, kuwa nitriti na kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Anayetupa sponji hiyo pamoja na tangi bovu hulazimika kungoja wiki 4 hadi 6 bakteria wengine wakue. Pampu ya hewa ya betri nayo inahitajika, kwani maji ya nyuzi 28 hubeba oksijeni kidogo, miligramu 8 tu kwa lita au pungufu, na umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, uliowahi kukatika kwa karibu mwezi mzima mwaka 2008 na kwa miezi mitatu hivi kuanzia Desemba 2009.

Ipo njia ya tatu, nayo ni kulitumia tangi lililotengenezwa kwa maji ya nusu, ambapo kioo hubeba robo tu ya mzigo wake wa awali. Samaki anayefaa maisha hayo ni wa Unguja hasa: Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa kisayansi na Georg Pfeffer mwaka 1893, mwenye urefu wa sentimita 5 hivi na dume wake mwenye mkia mwekundu uliopakana na weusi, ambaye kwa asili haonekani penginepo ila kisiwani humu, ingawa wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamfuga kwa vizazi vingi sasa. Huishi katika madimbwi yanayokauka wakati wa kiangazi. Wakubwa hufa wote, na mayai hubaki yamelala ndani ya tope hadi mvua zirudi. Mfugaji wake hukusanya mayai hayo pamoja na udongo, akaukamua ubaki na unyevu tu, na kuuhifadhi ndani ya mfuko wa plastiki kwa takriban miezi 3, muda unaotosha kufumua tangi, kungoja kioo kutoka Dar es Salaam na kulijaribu uani bila haraka.