Jembe na Dawa: Tiba ya Akili kutoka Lutindi hadi Mwankoko

Anayedhani kwamba bustani, kazi za mikono na mazungumzo ni mambo yaliyoingia juzi katika tiba ya akili na uraibu, aitazame Lutindi, wilayani Korogwe. Wamisionari kutoka Ujerumani walianzisha pale makao ya watoto waliokombolewa utumwani mwaka 1896, na mwaka 1904 yakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Mgonjwa aliyetulia hakuachwa kukodolea ukuta. Alipewa shughuli, na mpaka zama zetu kuna mashamba ya chai na karakana. Mwaka 1927 Waingereza wakafungua hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma. Kwa mkulima wa mtama na alizeti wa Mwankoko, pembeni mwa mji wa Singida, safari ya Mirembe ni kama kilomita 240. Anayepelekwa huko anaacha shamba, mifugo na ndugu, yaani vitu vile vile vitakavyomshika asianguke tena akirudi.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi ilijaribu kuziba pengo hilo kati ya tiba na nyumbani kwa vijiji vya wagonjwa wa akili, kama Vikuruti nje ya Dar es Salaam: mgonjwa analima, muuguzi yu jirani, dawa haikatizwi. Wapo watakaosema kwamba jembe mkononi mwa mgonjwa ni njia ya kupata kibarua wa bure. Hofu hiyo ni ya haki, kwa kuwa kazi isiyo na hiari wala ujira haimponyi mtu. Dawa yake ni kumlinda mgonjwa, si kumrudisha kitandani akae bure. Wengine watasema kinachotibu ni dawa peke yake. Metadoni ilipoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, mraibu wa heroini alifika kila siku, akanywa dozi yake mbele ya mhudumu. Arosto, yaani mateso ya kukosa heroini, ilitulia. Lakini kunywa dozi ni kazi ya dakika chache, na siku nzima bado iko mbele yake. Asipopata shughuli na watu wa kuwa nao, ataijaza kijiweni. Dawa humfungulia mtu mlango, ila haimpeleki nyumbani.

Kwa hiyo Mwankoko haihitaji kungoja jengo kubwa kama la Dodoma. Wapangaji wa afya waanze na dawa zisizokatika karibu na kaya, muuguzi aliyesomea magonjwa ya akili, na ndugu wanaoitwa kukaa na muuguzi huyo meza moja kabla mgonjwa hajarudi shambani.