Futiboli ya Kimarekani: Timu za Taifa Zinavyoshindana na Njia ya Nchi Kuingia Mashindanoni

Na Mwandishi Wetu, Mpwapwa

Michezo ya Olimpiki itakayofanyika Los Angeles, Marekani, kuanzia Julai 14 hadi 30, 2028, itakuwa na mchezo ambao haujawahi kuwaniwa medali katika historia ya Olimpiki. Mchezo huo ni futiboli ya bendera, aina ya futiboli ya Kimarekani isiyoruhusu wachezaji kugongana wala kuangushana. Uamuzi wa kuuingiza ulipitishwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) katika kikao chake kilichofanyika Mumbai, India, mwezi Oktoba 2023, sambamba na kriketi, skwoshi, lakrosi na besiboli pamoja na softiboli.

Katika wilaya kama Mpwapwa, mkoani Dodoma, safari ya mwanamichezo huanzia uwanja wa shule na kupitia mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Humo vijana hukutana na kandanda, netiboli, riadha, mpira wa wavu na mpira wa mikono. Mchezo mpya unapoingia Olimpiki, swali la msingi kwa mwananchi ni hili: nchi hupataje timu ya taifa inayotambulika, na kijana wa wilayani huifikiaje? Makala haya yanafafanua historia ya mashindano ya timu za taifa ya mchezo huo, hali ilivyo Afrika Mashariki, na utaratibu wa kisheria unaotumika nchini.

Mchezo wenyewe

Futiboli ya Kimarekani ya asili huchezwa na wachezaji 11 kwa kila upande, wakiwa wamevaa kofia ngumu na kinga za mabega. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele angalau yadi 10, sawa na takribani mita 9. Ikifaulu, hupewa majaribio mengine manne. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huitwa tachidauni na huleta pointi 6.

Futiboli ya bendera imebakiza shabaha hiyo na kuondoa kugongana. Kila upande huwa na wachezaji watano. Kila mchezaji huvaa mkanda wenye vibendera kiunoni, na mlinzi humzuia mwenye mpira kwa kuchomoa kibendera kimojawapo. Mechi huwa na vipindi viwili vya dakika 20. Uwanja una urefu wa yadi 70 na upana wa yadi 25, yaani takribani mita 64 kwa 23, hivyo uwanja mmoja wa kandanda wenye vipimo kamili unaweza kugawanywa na kuchezewa mechi zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Mahitaji ni mpira, mikanda na chokaa ya kuchorea mistari. Tofauti hiyo ya gharama ni miongoni mwa sababu zilizoufanya mchezo huo uenee upesi katika nchi zisizo na ligi za kulipwa.

Mashindano ya dunia

Msimamizi wa mchezo huo duniani ni Shirikisho la Kimataifa la Futiboli ya Kimarekani (IFAF), lililoanzishwa mwaka 1998. Mwaka uliofuata yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya wanaume mjini Palermo, Italia. Japani ilitwaa ubingwa huo na kuutetea mwaka 2003 nchini Ujerumani, mara zote mbili ikiifunga Mexico katika fainali.

Marekani, nchi ulikozaliwa mchezo huo, haikupeleka timu katika mashindano hayo mawili. Iliingia mwaka 2007 yalipofanyika Kawasaki, Japani, na ikaifunga Japani pointi 23 kwa 20 katika fainali iliyoamuliwa kwa muda wa nyongeza. Ilishinda tena mwaka 2011 nchini Austria na mwaka 2015 mjini Canton, jimbo la Ohio.

Mashindano ya mwaka 2015 yana funzo la pekee. Awali yalipangwa kufanyika Stockholm, Sweden, lakini waandaaji walikwama kifedha na mashindano yakahamishiwa Marekani, ambako yalishirikisha mataifa saba tu. Mashindano yaliyotarajiwa kufuata baada ya miaka minne yaliahirishwa. Futiboli ya kugongana inahitaji vikosi vikubwa, vifaa vingi na bima, na gharama hizo zimekuwa mzigo hata kwa mataifa yenye uwezo. Kwa upande wa wanawake, mashindano ya dunia yalifanyika mwaka 2010, 2013, 2017 na 2022, na Marekani ilitwaa ubingwa mara zote nne.

Mashindano ya dunia ya futiboli ya bendera yalianza mwaka 2002 nchini Austria na yameendelea kukua. Katika Michezo ya Dunia ya mwaka 2022 iliyofanyika Birmingham, jimbo la Alabama, wanawake wa Mexico waliishinda Marekani katika fainali kwa pointi 39 kwa 6. Mwaka 2024, mjini Lahti, Finland, Marekani ilitwaa ubingwa wa dunia kwa wanaume na wanawake. Hata hivyo, matokeo ya Birmingham yalidhihirisha kuwa mchezo unapokuwa wa watu watano, wepesi wa miguu na mazoezi ya pamoja vinaweza kufidia upungufu wa fedha na miundombinu.

Los Angeles itapokea timu sita tu za wanaume na sita za wanawake. Nafasi hizo ni chache, na mataifa yaliyotangulia yana faida kubwa. Kwa nchi inayoanza, mwaka 2028 uchukuliwe kuwa mwanzo wa safari.

Afrika na jirani zetu

Barani Afrika, Misri, Morocco na Nigeria ni miongoni mwa nchi zilizotangulia kuukuza mchezo huo. Mwaka 2025 jiji la Cairo, Misri, lilikuwa mwenyeji wa mashindano ya Afrika ya futiboli ya bendera. Nchini Kenya, mchezo huo una klabu, na ligi ya kulipwa ya Marekani, NFL, iliendesha kambi ya vijana jijini Nairobi mwaka 2023. Miaka kumi kabla ya kambi hiyo, Mkenya Daniel Adongo, aliyetokea katika raga, alisajiliwa na klabu ya Indianapolis Colts na kucheza katika NFL.

Raga ya wachezaji saba ndiyo mfano ulio karibu zaidi nasi. IOC iliamua mwaka 2009 kuuingiza mchezo huo katika Olimpiki ya Rio de Janeiro ya mwaka 2016. Kenya ilikuwa na mashindano yake ya kimataifa ya Safari Sevens tangu mwaka 1996, pamoja na klabu na waamuzi. Ilipofika Rio, ilifuzu kwa timu zote mbili, wanaume na wanawake. Uamuzi wa IOC uliwakuta na maandalizi ya miaka mingi.

Utaratibu nchini Tanzania

Timu ya taifa haiundwi na kikundi cha marafiki wala klabu moja inayojichagulia jina la nchi. Kwa Tanzania Bara, usimamizi wa michezo uko chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1967. Zanzibar ina baraza lake la michezo. Klabu na vyama husajiliwa na Msajili wa Vyama vya Michezo, na chama cha taifa ndicho chenye dhamana ya kuteua timu ya taifa na kuomba uanachama wa shirikisho la kimataifa.

Kwa mashindano ya Olimpiki, wanamichezo huwasilishwa na Kamati ya Olimpiki Tanzania (TOC). Ndiyo njia waliyopita Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, walioiletea nchi medali za fedha katika riadha huko Moscow mwaka 1980, medali ambazo hadi Michezo ya Paris mwaka 2024 zilibaki kuwa za pekee kwa Tanzania katika Olimpiki. Timu inayokwenda nje kuiwakilisha nchi hupata kibali na hukabidhiwa Bendera ya Taifa kabla ya kuondoka.

Mkazi wa Mpwapwa anayetaka kuanzisha klabu ya mchezo huu, au mwingine wowote, anashauriwa kuanzia kwa Afisa Michezo wa Halmashauri ya Wilaya. Hapo ataelekezwa namna ya kuandaa katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi na maombi ya usajili. Walimu wanaotaka kuufundisha mchezo huu shuleni wanapaswa kupata ridhaa ya uongozi wa shule na wazazi.

Tahadhari kwa wazazi na vijana

Mchezo mpya huvutia watu wema na wasio wema. Kijana anayeahidiwa nafasi katika timu ya taifa au safari ya nje kwa kutozwa fedha, athibitishe kwanza mambo matatu: kama chama husika kimesajiliwa, kama shirikisho la kimataifa linakitambua, na kama safari hiyo ina kibali cha BMT. Asiyeweza kuonesha nyaraka hizo hana mamlaka ya kumvalisha mtu jezi ya Tanzania. Uthibitisho huo unaanzia ofisi ya michezo ya halmashauri, na mzazi anapaswa kuupata kabla ya kutoa fedha au hati ya kusafiria ya mtoto wake.