Aina ya msitu na kina cha udongo huamua bakteria waliomo

Gramu moja tu ya udongo wa msituni huweza kuwa na mamilioni hadi mabilioni ya bakteria. Viumbe hawa, wasioonekana bila hadubini, huozesha majani makavu na mizizi iliyokufa, na hivyo kurudisha ardhini rutuba ambayo miti huihitaji. Hata hivyo, hawakuenea sawasawa. Miongoni mwa mambo yanayowagawa ni aina ya msitu na kina cha udongo.

Miti huwalisha bakteria kwa majani yanayoanguka na kwa sukari inayotoka mizizini. Majani laini ya miti mingi ya kiasili huoza upesi. Yale ya misonobari, membamba kama sindano, huoza polepole na aghalabu huzidisha asidi udongoni. Mwaka wa 2006, watafiti Noah Fierer na Robert Jackson walichapisha uchunguzi wa sampuli 98 za udongo kutoka Amerika Kaskazini na Kusini. Ulionyesha kwamba aina za bakteria hupungua sana pale asidi inapozidi.

Miti mingine ina bakteria wake mahususi. Migunga mingi hushirikiana na rizobia, nayo mivinje ya Pwani hushirikiana na bakteria aitwaye Frankia. Hawa huishi katika vinundu vya mizizi na kugeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mti. Ndiyo maana mvinje humea hata penye mchanga mtupu, na ulitumiwa kufufua machimbo ya mawe ya chokaa huko Bamburi, Mombasa, kuanzia miaka ya 1970.

Kuhusu kina, bakteria wengi hupatikana katika sentimita chache za juu, kwenye mboji, hewa na mizizi mingi. Kadiri mtu anavyochimba, idadi yao hupungua na aina hubadilika, wakabaki wanaostahimili uhaba wa chakula na hewa.

Mnamo Desemba 2022, Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Ufanisi wake hautegemei idadi ya miche pekee. Shamba la misonobari mitupu halirejeshi bakteria wale wale waliokuwa katika msitu wa kiasili uliokatwa. Aidha, mvua ikisomba tabaka la juu, bakteria wengi huondoka nalo, na mche hupandwa katika udongo uliopungukiwa na wasaidizi wake.